Asimtoe Mji

Wewe mwenye binti muuguzi, na binti huyo ameposwa, isome sura hii polepole. Usiruke kurasa ukitafuta pale wanaposhikana mikono. Leo hawashikani.

Ijumaa ile, watu walipokuwa wakitoka msikitini, Swafwan alibisha hodi nyumbani kwa Bi Shekha, mtaa wa Shela, Malindi. Alivaa kanzu nyeupe yenye darizi shingoni, na mkononi alikuwa na boksi la halua. Bi Shekha alifungua mlango, akarudi nyuma kidogo kama desturi ya mama mbele ya mkwewe mtarajiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, karibu ndani. Rufaida! Daktari amefika!"

Neno hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya kuvuka ukuta, jirani naye asikie. Alilipenda. Na si yeye peke yake. Swafwan alikuwa afisa tabibu katika hospitali moja ya Kilifi, wale ambao hospitalini huitwa klinikal ofisa. Ni yeye anayekupokea, akakupima, akakuandikia dawa, akakushona ukiwa umepasuka. Digrii ya udaktari hakuwa nayo, alikuwa na diploma, lakini mgonjwa ni nani hata aulize hayo? Kuanzia Kilifi mpaka Mambrui, watu walimjua kama Daktari Swafwan, na mwenyewe akazoea kugeuka akiitwa hivyo.

Rufaida alitoka chumbani akiwa amejitanda mtandio wa rangi ya zambarau. Walitazamana. Ah, macho yale! Hata baada ya mwaka mzima wa uchumba, kila walipotazamana ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Walianza kupendana kazini, Rufaida alipokuwa muuguzi hospitali moja na Swafwan, siku mzazi mmoja alipovuja damu kupita kiasi, wakamhangaikia pamoja mpaka akapata nafuu. Walipokuwa wakinawa, Swafwan alimwambia, "Rufaida, mikono yako haitetemeki." Mwingine angesifu macho yake au mwendo wake. Huyu alisifu mikono, na binti wa watu akapotea hapo hapo.

Posa ilipokuja, mjomba Abdillahi alisimama mbele ya wazee akasema mahari hayana maneno, ila mama wa binti ana sharti lake moja.

"Asimtoe mji."

"Nimekubali," alijibu Swafwan, bila hata kumeza mate.

Bi Shekha alilia kwa furaha siku ile. Alikuwa na binti mmoja tu, na baba yake Rufaida alikwisha kufariki. Wenzake binti zao wote wauguzi walikuwa wametawanyika, huyu Uingereza, yule Kanada, na mama zao wanakula Idi wakitazama simu. Wake atakaa. Daktari ameahidi.

Lakini kazi haikukaa. Baada ya Ramadhani, hospitali ya watu binafsi aliyokuwa akifanyia kazi Rufaida ilikataa kumpa mkataba mwingine. Alizunguka Malindi, akazunguka Kilifi, akaambiwa ngoja, ngoja, ngoja. Hapo ndipo yale mambo ya kwenda nje, ambayo kabla yake yalikuwa mazungumzo tu, yakawa ni lazima.

Basi Ijumaa hiyo wakakaa ukumbini, yeye kochi hili, yeye kochi lile. Bi Shekha akaingia jikoni, akashusha pazia, akaanza kupepeta mchele ambao alikwisha kuupepeta asubuhi.

"Swafwan," alianza Rufaida kwa sauti ya chini. "Wale Waingereza wataka jibu leo kabla hawajafunga ofisi. Nafasi ya kazi wamenipa. Wauliza jambo moja tu, kama nakwenda peke yangu au na mume."

"Leo?"

"Leo. Nilikwambia tangu Jumatatu."

Swafwan alikishika kikombe cha kahawa akakizungusha. "Na lile sharti la mama?"

"Mama nitazungumza naye mimi."

"Rufaida, mimi niliweka ahadi mbele ya wanaume. Mtu haweki ahadi ya posa halafu akaivunja kabla ya nikaha. Watanionaje?"

"Kila mara ni hilo." Rufaida alivuta pumzi. "Australia ulisema mbali, mama akifariki sitawahi maziko. Nikaiacha. Kanada nikakaa kusoma mkoa mmoja mmoja, maana kule kila mkoa una baraza lake la wauguzi, huyu ataka karatasi hii na yule ataka ile. Nikachagua, nikakuletea. Ukasema theluji. Ujerumani nikaanza kujifunza lugha yao, mama akadhani namwapiza mtu. Ukasema utajifunza nami. Hata salamu hukujifunza."

"Nina kazi, Rufaida. Nina wagonjwa."

"Na mimi sina. Ndiyo maana nakuuliza."

Huko jikoni ungo ulikuwa ukienda polepole sana.

Rufaida alitoa simu. "Hebu msikilize Moraa. Wamkumbuka? Yule Mkisii tuliyekuwa naye wodi ya wazazi. Alifika Uingereza mwaka juzi, na mumewe. Alinitumia sauti jana." Alidhani atamtia moyo. Akabonyeza, na sauti ya Moraa ikaujaza ukumbi, na nyuma yake watoto wakipiga kelele.

"Rufaida, kuja. Usisikize maneno ya watu. Kazi ni ngumu lakini iko. Sasa huyo bwana yako, mwambie ukweli yote, asikuje kushtuka. Cliff wangu alikuwa na ofisi yake huko nyumbani, alikuwa anaitwa mkubwa. Huku alianza na kuosha wazee. Mwezi wa kwanza alikuwa analia kwa choo akidhani sisikii. Saa hii amezoea, anasoma jioni, hata ananipikia. Mwambie tu mapema. Haya, bye, huyu mtoto anamwaga maziwa!"

Rufaida alicheka. Aliinua uso ili wacheke pamoja, na kicheko kikamfia mdomoni. Uso wa Swafwan ulikuwa umefungwa kama duka siku ya maziko.

"Umenisikilizisha hayo kwa nini?"

"Si nimesema alituma jana..."

"Wataka nijue kuwa mume wa Moraa alia chooni?"

"Nataka ujue kuwa amezoea! Hukusikia mwisho?"

Swafwan alikiweka kikombe chini. Akabadilisha sauti, ikawa ile sauti laini anayowasemesha wagonjwa wenye wasiwasi.

"Sikiliza, mpenzi. Ile nafasi ya Saudia bado ipo?"

"Ile ya wauguzi wasio na familia? Ipo. Lakini wewe huwezi kuja."

"Ni miaka miwili tu. Ni karibu. Ni nchi ya Waislamu. Utakwenda Umra, utamwombea mama. Likizo utarudi. Mimi nitakungoja hapa hapa."

Rufaida alimtazama kama mtu aliyeambiwa achague kiatu cha mguu mmoja. "Swafwan, si umesema sharti la mama limekufunga? Saudia ni mtaa wa Malindi?"

"Sharti lilisema nisikutoe mji." Alisita, halafu akalimalizia. "Ukienda mwenyewe kwa kazi yako, mimi sijakutoa. Umetoka."

Ungo ulinyamaza.

"Ati nini?"

Pazia lilivutwa kwa nguvu mpaka pete moja ikakatika. Bi Shekha alisimama pale, punje za mchele zimemganda mkononi.

"Hebu rudia, baba. Sikusikia vizuri."

"Mama, nilikuwa nasema tu..."

"Wewe ni daktari au wakili? Nisimtoe, ametoka! Mimi nilipotoa sharti lile nilikuwa natega kitendawili?"

"Mama, tafadhali," alisema Rufaida.

"La, niache. Nilitaka binti yangu asiwe peke yake. Hilo ndilo nililolitaka, maneno mengine yote ni mapambo. Kumbe mwenzangu amelichukua sharti langu akalifanya mwavuli wake. Ampeleke Riyadhi peke yake, yeye akae Kilifi aitwe daktari!"

Swafwan alitazama sakafu. Bi Shekha alifuta mikono kwenye leso, akafuta na macho. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Basi. Lile sharti lilitoka kwangu, kaka yangu alilibeba tu. Leo nimelirudisha. Mtoe. Mtoe mji, mpeleke kwa Waingereza, mpeleke mwezini ukitaka, bora mwende wawili. Akienda na mumewe nitalia, lakini nitalala usingizi. Akienda peke yake sitalala. Nimekufungua, baba. Mtoe."

"Mama!" Rufaida aliruka akamkumbatia mama yake, akambusu mkono, akambusu na kipaji cha uso. Aligeuka, uso wote umewaka. "Umesikia? Swafwan, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi sema kitu!"

Niwaambieni, mtu aliyekuwa akizuiwa na mlango, mlango ukifunguliwa hupita. Huyu alibaki amekaa pale pale, na Rufaida akaanza kuelewa kuwa mlango haukuwa wa mama yake.

"Mbona hufurahi?" alimuuliza polepole.

"Niliwaandikia," alisema Swafwan.

"Nani?"

"Wote. Australia, Kanada, hao Waingereza. Kabla hata wewe hujaanza. Nilitaka nikushangaze. Niseme, Rufaida, fungasha, tumepata." Alicheka kicheko kisicho na meno. "Wakaniuliza, klinikal ofisa ni nini? Nikawaeleza. Napima, naandika dawa, nashona, kukiwa na shida usiku naitwa mimi. Wakasema, basi wewe ni daktari. Nikasema la, si wa digrii. Wakasema, basi ni nesi. Nikasema la. Wakasema, huku hatuna kitu hicho."

Alijipangusa uso kwa kiganja.

"Kitu, Rufaida. Miaka yote ile niliyosoma, na wale wote niliowashona. Hatuna kitu hicho."

Moyo wa Rufaida ulimwendea. Alitaka kuvuka ule ukumbi, mama awepo asiwepo, akakae karibu naye. Lakini kulikuwa na kingine kilichokuwa kikipanda kifuani, nacho kilikuwa moto.

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima nilidhani napigana na mama yangu. Nilikuwa nalala nimemnunia mtu aliyenizaa, kwa sababu yako! Australia niliiacha kwa ajili ya maziko ya mama. Mama hajaumwa hata kichwa!"

"Kwani mlishanizika?" alisema Bi Shekha.

"Mama, nyamaza kidogo. Swafwan, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ulinipenda nikiwa na koti jeupe."

"Nilikupenda kwa sababu yule mzazi alipokuwa akitutoka, hukumpigia mtu kelele. Kila mtu alikuwa akipiga kelele siku ile ila wewe. Nani alitazama koti?"

"Huko sitamtibu mtu yeyote. Nitakuwa nawageuza wazee wa watu kitandani."

"Mimi nawageuza wagonjwa tangu nilipoanza kazi. Nawaosha, nawabadilisha nguo. Nikifanya mimi si aibu, ukifanya wewe ni aibu?"

"Wewe ni nesi."

Lilitoka hivyo tu, bila hasira, kama mtu anavyosema leo ni Ijumaa. Na kwa sababu halikuwa na hasira, liliuma zaidi. Swafwan mwenyewe alilisikia likianguka. Alisimama.

"Sikukusudia hivyo. Wallahi, Rufaida, sikukusudia."

"Najua. Ulikusudia kuficha."

"Nielewe basi!"

"Nakuelewa! Hilo ndilo linaloniudhi, nakuelewa!" Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa ncha ya mtandio kama anayefukuza nzi. "Twende. Nakuomba. Twende wote, usome tena kule. Hata wakikuanzisha chini. Mimi nitafanya kazi, wewe usome. Ukimaliza utakuwa na jina ambalo hakuna wa kukuuliza ni nini."

"Nianze upya na watoto waliomaliza shule jana? Na nikiwa nasoma nile nini? Jasho lako?"

"Ndiyo. Ule jasho langu. Lina sumu?"

"Na watu wa huku wakiuliza, daktari yuko wapi? Waambiwe nini?"

"Waambiwe yuko kwa mkewe!"

Bi Shekha, ambaye alikuwa ameambiwa anyamaze, aliitikia kwa kichwa. Swafwan alimwona. Akarudi kukaa, akaegemeza viwiko magotini, na kwa muda wakabaki hivyo, wapenzi wawili na mita moja ya mkeka kati yao. Rufaida alimtazama utosi, ile kofia ya kazi ya mkono iliyokaa upande kidogo. Alijua hata inavyonukia. Alijua kwamba akisema neno moja la upole sasa hivi, kijana huyu atamwangukia, nao wataahirisha tena, na wiki ijayo watakuwa wanazungumza habari ya nchi nyingine. Kwa hiyo hakulisema.

"Nenda Saudia," Swafwan alisema bila kuinua kichwa. "Miaka miwili. Mimi nitajipanga huku."

"Na nikaha? Tulisema Mfungo Saba, baada ya Maulidi."

Swafwan aliiweka sawa kofia yake.

"Swafwan. Nikaha?"

"Ukirudi."

Mwanamke husikia neno kama hilo kwa mwili mzima. Ukirudi. Aliyesema kila siku kwamba anahesabu miezi, aliyekwisha kutafuta nyumba ya kupanga hapo hapo Malindi, akamwonyesha hata dirisha la jikoni litatazama wapi. Ukirudi.

Rufaida alichukua simu. Akaifungua pale palipoandikwa swali la Waingereza, akalisoma kwa sauti, akilibadilisha kuwa Kiswahili ili mama naye asikie.

"Wauliza, utakuja na nani?"

Alingoja. Nje, mwenye mkokoteni wa maji alipita akigonga mtungi. Mtoto wa jirani alilia akabembelezwa. Swafwan aliinua macho, na wakatazamana kwa mara nyingine, na lile dirisha lilikuwa bado lipo, Mungu wangu, bado lilikuwa wazi. Midomo yake ilicheza. Mtu angedhani atasema.

"Naomba siku chache nifikiri," alisema.

"Siku zimekwisha. Uliifikiria Australia, ukaifikiria Kanada. Nikizingoja hizi za leo, hata hao hawatanitaka."

"Basi andika unavyoona."

"Sikuulizi ninavyoona mimi. Nakuuliza unavyotaka wewe."

Swafwan alisimama, akaivuta kanzu yake ikae sawa. Alikuwa mrefu, mzuri, na katika ukumbi ule mdogo alionekana mtu ambaye watu wangempisha njia popote Malindi. Popote Malindi na Kilifi.

"Mama, naomba ruhusa."

"Ruhusa unayo," alisema Bi Shekha.

Alipofika mlangoni aligeuka. "Rufaida. Mikono yako... Huko watakupenda."

"Sitaki wanipende wao," alisema Rufaida.

Akatoka. Viatu vyake vilisikika kwenye ujia, kisha havikusikika.

Bi Shekha alisubiri mpaka alipohakikisha ameondoka kabisa, ndipo ushujaa wote ukamwishia. Alimjia binti yake, akamshika mabega.

"Mpigie. Mpigie arudi. Mwambie utakwenda hiyo Saudia, mtaoana ukirudi. Mwanamume akikasirika husema. Mpe nafasi apoe."

"Mama, hakukasirika. Ulimsikia mwenyewe."

"Nilimsikia. Nilimsikia kijana anayeogopa, basi. Kuogopa ni kosa? Mimi naogopa. Nikifikiria wewe umeshuka kwenye ndege hiyo, hujui pa kugeukia, hakuna wa kukushikia hata begi, nataka kuufunga mlango huu kwa kufuli. Sikumfungua ili uende peke yako, Rufaida. Nilimfungua ili aende nawe!"

"Najua, mama."

"Basi kaa! Kazi itapatikana. Kuna ile zahanati kule Sabaki, wasema watafungua."

"Wasema tangu mwaka juzi."

"Kaa tu, mwanangu."

Rufaida aliushika mkono wa mama yake, bado una punje moja ya mchele kiganjani. Akaibandua. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi, amechoka kuwabembeleza watu wazima.

"Yeye aogopa kwenda na aogopa kusema. Wewe waogopa nikienda na waogopa nisipoolewa. Na mimi naogopa kuliko nyote, mama, hamjaniuliza tu. Ndege nitapanda mimi."

Akaandika. Si mengi, maneno mawili tu. Alitazama mlango kidogo, kwa mara ya mwisho, halafu akabonyeza.

"Umeandika nini?"

"Peke yangu."

"Imekwisha kwenda?"

"Imekwenda."

"Haiwezi kurudishwa?"

"Haiwezi."

Bi Shekha alitafuta pa kukaa. Akakaa kwenye kochi alilokuwa amekalia Swafwan, akalisikia bado lina joto, akanyanyuka upesi, akasimama katikati ya ukumbi wake mwenyewe kama mgeni ambaye hajakaribishwa.